Kazi ikizidi mwili: maana yake, dalili zake na haki zako

Makala hii ni kwa wakimbizi na wenyeji wanaoishi Ludara, Lobule na sehemu nyingine za Wilaya ya Koboko, pamoja na wale wanaotoka huku kwenda kutafuta riziki mjini Arua. Inaeleza kazi kupita kiasi ni nini, inaufanyia nini mwili, sheria ya Uganda inasema nini, na hatua gani unaweza kuchukua hata kama huna uwezo wa kukaa bila kazi.

Kwa ufupi

- Kazi imezidi pale ambapo usingizi wa usiku haukurudishii nguvu, siku baada ya siku.
- Mwili hauhesabu kazi ya kulipwa peke yake. Unahesabu maji, kuni, jikoni, watoto na shamba pia.
- Si kila uchovu ni wa kazi. Malaria, upungufu wa damu na magonjwa mengine huanza kwa uchovu. Pima kwanza.
- Mkimbizi anayetambuliwa Uganda ana haki ya kufanya kazi, na sheria ya kazi inamlinda kama inavyomlinda raia.
- Ukinyimwa malipo au ukiumia kazini, kuna mahali pa kushtaki. Tazama mwisho wa makala.

Kazi kupita kiasi ni nini?

Watu wengi wakisikia maneno "unafanya kazi sana" huyachukua kama sifa. Mtu mvivu anasemwa, mchapakazi anasifiwa, na ni haki. Lakini bidii na kazi kupita kiasi ni vitu viwili tofauti. Mwenye bidii huchoka jioni, akala, akalala, asubuhi akaamka na nguvu mpya. Aliyezidiwa na kazi huamka akiwa amechoka vilevile alivyolala. Anaanza siku akiwa na deni la jana, na kesho deni linakua.

Wahenga walisema "punda afe, mzigo wa bwana ufike". Methali hiyo inasema jambo la kweli kuhusu kazi: mwenye mzigo anatazama mzigo, hamtazami punda. Ukiwa punda wewe, ni juu yako kujua uzito unaokufaa, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuhesabia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo limelitambua jambo hili. Mwaka 2019 liliweka kwenye orodha yake hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi, na likaieleza kwa dalili tatu: mtu anakuwa hana nguvu kabisa, anaichukia kazi yake au kujitenga nayo moyoni, na anaona kwamba kazi anayoifanya haizai kitu. WHO lilisema wazi kwamba hali hii haihesabiwi kuwa ugonjwa. Inatokana na mzigo wa kazi ambao umekaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Kwa hiyo kidonge peke yake hakiitibu. Lazima mzigo wenyewe uguswe.

Kwa nini inatupata sisi hapa

Hakuna anayejichosha kwa kupenda. Hapa kwetu sababu zinajulikana.

Ya kwanza ni chakula. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Tangu 2023 familia zimegawanywa katika makundi kulingana na hali zao, na nyingine zimebaki na kidogo sana au bila kitu. Chakula kilichopungua hakikuja na kingine cha kujaza nafasi yake. Nafasi hiyo inajazwa na mikono yako.

Ya pili ni aina ya kazi iliyopo. Wengi wanategemea leja leja, yaani kibarua cha siku: kulima na kupalilia shamba la mtu, kuvuna tumbaku, kufyatua matofali, kuponda kokoto, kubeba mizigo sokoni, kufua nguo za watu. Leja leja hulipwa kwa kipande, wala si kwa saa. Ukimaliza kipande leo unalipwa, usipomaliza unarudi kesho kwa malipo yaleyale. Mpango huo unamfanya mtu ajisukume mwenyewe bila kusimamiwa na mtu.

Ya tatu ni msimu. Mvua ya West Nile ikianza, kila mtu anataka kulima kwa wakati mmoja. Kazi inapatikana kwa wingi kwa wiki chache, halafu inapotea. Anayekumbuka miezi ya kiangazi hathubutu kukataa kazi inapokuwapo.

Ya nne ni kimya. Mkimbizi anaogopa kwamba akilalamika hataitwa tena. Mwenyeji maskini anaogopa hivyo hivyo. Wote wawili wanashindania kipande kimoja, na bei inashuka.

Hesabu masaa yako yote

Chukua mfano huu. Si wa mtu fulani, lakini utaona unamfanana nani. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anachota maji na kufagia kwa saa moja na nusu. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana yuko leja leja, masaa 6. Akitoka huko anatafuta kuni, masaa 2. Jioni analima bustani yake, masaa 2. Kupika, kuosha vyombo, kufua na kuwahudumia watoto ni masaa 3. Jumla ni masaa 14 na nusu kwa siku.

Kwa siku sita za wiki hayo ni masaa 87. Katika hayo, anayolipwa ni 36 tu.

Ukimuuliza mwenye shamba, atasema mama huyu hafanyi kazi nyingi: masaa 36 kwa wiki ni chini ya kipimo cha sheria. Atakuwa sahihi kwenye daftari lake. Lakini mgongo wa mama, magoti yake na moyo wake vimefanya kazi masaa 87. Mumewe naye akisema "kazi yako ni nusu siku tu", anasoma daftari hilohilo la mwenye shamba.

Fanya hesabu hii nyumbani kwako, ya kila mtu mzima na kila mtoto. Tumia kipande cha karatasi au punje za maharage, punje moja kwa saa moja. Familia nyingi zikiona punje zilivyojaa mbele ya mtu mmoja, maneno mengi hayahitajiki tena.

Inaufanyia nini mwili?

Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio ya dunia nzima: mwaka 2016 watu 745,000 walifariki kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi masaa mengi. Mashirika hayo yaliona kwamba anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa takriban asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya masaa 35 hadi 40. Kule Japani wana hata neno la kifo kinacholetwa na kazi: karoshi.

Kabla ya kufika huko, mwili hutoa taarifa. Dalili za kuangalia ni hizi:

- Unalala lakini unaamka umechoka, au umechoka sana na usingizi hauji.
- Mgongo, mabega au magoti yanauma hata siku usiyofanya kazi.
- Kichwa kinauma mara kwa mara, moyo unadunda, tumbo linasokota.
- Unasahau vitu vidogo, unajikata au kujikwaa mara nyingi kuliko zamani.
- Unawakasirikia watoto au mwenzako kwa jambo dogo, kisha unajuta.
- Huna hamu ya kusali na wenzako, kwenda msibani wala kukaa na majirani.
- Kwa wanawake, hedhi kubadilika au maziwa ya mtoto kupungua, hasa pale ambapo chakula pia ni kidogo.

Dalili moja kwa siku mbili si jambo la kutisha. Dalili tatu au nne kwa wiki mbili zinakuambia upunguze kitu.

Ni uchovu wa kazi au ni ugonjwa?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa hili huua. Usiseme "nimechoka na kazi tu" kabla ya kupima.

Homa, baridi ya kutetemeka na viungo kuuma: nenda ukapime malaria siku hiyohiyo. West Nile ina malaria nyingi mwaka mzima.

Kuhema ukitembea kidogo, viganja na ndani ya macho kuwa vyeupe, moyo kwenda mbio: inaweza kuwa upungufu wa damu. Wajawazito na watoto wako hatarini zaidi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda: omba kipimo cha kifua kikuu.

Kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi na kukonda: omba kipimo cha sukari.

Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kutoka vibaya: hiki ni kiharusi. Usisubiri asubuhi. Tafuta usafiri uende hospitali.

Huzuni isiyoondoka, kuona maisha hayana maana, au mawazo ya kujiua: mwambie mtu unayemwamini leo, na nendeni pamoja kituo cha afya. Kazi nyingi huificha huzuni, hasa kwa mtu aliyeona vita. Wako wanaojichosha kwa makusudi ili usiku wasikumbuke. Ukijiona hapo, ujue unabeba mizigo miwili, na wa pili una wahudumu wake.

Kazi za hapa na hatari zake

*Tumbaku.* Majani mabichi ya tumbaku yana sumu ya nikotini, na sumu hiyo hupita kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua. Anayevuna anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kichwa kuuma, akadhani ni malaria. Subiri umande ukauke. Vaa mikono mirefu na glavu. Ukimaliza, oga kwa sabuni na ubadilishe nguo kabla ya kumshika mtoto. Mtoto na mjamzito wasivune tumbaku kabisa.

*Matofali na kokoto.* Vumbi la mawe huharibu mapafu polepole, na mapafu yaliyoharibika hayarudi. Mwagia mawe maji kabla ya kuyaponda, funga kitambaa puani na mdomoni, linda macho, na kaa upande ambao upepo hauleti vumbi kwako. Watoto wasiketi karibu.

*Mizigo na maji.* Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Chuchumaa, nyoosha mgongo, nyanyua kwa miguu. Jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, huumiza mgongo kidogo kuliko moja ya lita 20 upande mmoja. Mjamzito asibebe mizigo mizito: kubeba na kusimama muda mrefu huongeza hatari ya mimba kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

*Bodaboda.* Mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anakawia kushtuka kama mtu aliyekunywa pombe. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, basi saa nne usiku unaendesha ukiwa kama umelewa, hata kama hujaonja tone. Abiria wa mwisho wa usiku ndiye anayelipa kidogo kuliko gharama ya mguu uliovunjika.

*Jua.* Jua kali ni kati ya saa sita mchana na saa kumi alasiri. Kichwa kikiuma, misuli ikikaza na kizunguzungu kikija, ingia kivulini, unywe maji kidogo kidogo. Kama mwenzako mwili umekuwa wa moto sana, anaongea maneno yasiyoeleweka au amezimia, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na mumkimbize kituo cha afya. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Aliyetoka jasho sana au kuharisha anaweza kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe sawa na ukingo wa kijiko.

Vitu vinavyodanganya mwili

Mairungi, kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu haviongezi nguvu yoyote. Vinaficha uchovu ili usiusikie, na deni linabaki palepale. Pombe ya usiku inaleta usingizi haraka lakini usingizi wenyewe unakuwa mwepesi, na asubuhi unaamka mbaya kuliko ulivyolala.

Dawa za maumivu nazo zina hatari yake. Diklofenaki na ibuprofeni ukizimeza kila siku, tena bila chakula, zinaweza kuchimba vidonda tumboni na kuharibu figo. Mtu anayefanya kazi juani bila maji ya kutosha figo zake zimeshachoka tayari. Kama unahitaji kidonge kila siku ili uweze kushika jembe, tatizo si kukosa kidonge.

Sheria ya Uganda inasema nini?

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi na kujipatia kipato. Sheria ya Ajira, nayo ya 2006, haibagui: aliyeajiriwa ni aliyeajiriwa, raia au mkimbizi. Mkataba unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, na wa mdomo pia ni mkataba. Mambo makuu ni haya:

- Kipimo cha kawaida ni masaa 48 kwa wiki. Hata yakiwepo makubaliano ya kuongeza, kazi isizidi masaa 10 kwa siku au 56 kwa wiki.
- Masaa ya ziada siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Siku ya sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili.
- Kila wiki una haki ya kupumzika masaa 24 mfululizo.
- Kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo una haki ya siku 7 za likizo yenye malipo.
- Aliyefanya kazi mwezi mmoja au zaidi akiugua, analipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa.
- Mama anayejifungua ana siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Baba ana siku 4.
- Kwa kanuni za 2011, mtu asiwekwe kuwa kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.
- Mwajiri wa kazi yenye hatari anatakiwa kutoa vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi malipo. Ukiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inakupa haki ya kudai fidia.

Tuseme ukweli: leja leja ya siku moja kwenye shamba la jirani ni vigumu kuibana kwa sheria hii yote. Lakini anayekwenda kwa mwajiri mmoja kila siku kwa miezi, awe kwenye hoteli, duka, nyumba ya mtu au tanuru la matofali, si mtu wa leja leja tena. Huyo ana haki hizi, na mara nyingi hajui.

Watoto

Umri wa chini wa kuajiriwa Uganda ni miaka 16, kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016. Kazi ya hatari hairuhusiwi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18.

Mtoto kusaidia kuchota maji kabla ya shule ni malezi. Mtoto kukosa shule siku ya soko, au kulala darasani kwa sababu alikuwa shambani alfajiri, ni kazi iliyozidi. Wasichana ndio hubeba zaidi, kwa sababu kazi ya mama inapoongezeka huangukia kwao kwanza. Ukihesabu punje za maharage, usisahau kuweka za binti.

Unaweza kufanya nini wiki hii?

Kukuambia "pumzika" bila kukuambia watoto watakula nini hakusaidii. Kwa hiyo hatua hizi ni za mtu ambaye lazima aendelee kufanya kazi.

*Patana kabla ya kushika jembe.* Uliza mbele ya shahidi: kipande ni kikubwa kiasi gani, malipo ni kiasi gani, pesa au chakula, na yatatolewa saa ngapi. Pimeni kipande kwa hatua, si kwa kunyoosha kidole. Wengi wamelima siku mbili kwa bei ya moja kwa sababu mpaka ulikuwa "pale kwenye mti".

*Nendeni kwa kikundi.* Watu watano wakikubaliana bei moja hawawezi kushushwa kirahisi kama mmoja mmoja. Kikundi chenye wakimbizi na wenyeji pamoja kina nguvu zaidi, maana hakuna wa kutumiwa kumpunguzia mwenzake bei.

*Andika.* Tarehe, kazi, masaa, kilicholipwa. Daftari la shilingi chache ndilo litakalokuwa ushahidi wako siku ya kudai.

*Anza mapema, simama mchana.* Kazi nzito ifanyike kati ya saa kumi na mbili na saa tano asubuhi. Kunywa maji kabla ya kiu. Pumzika dakika chache kila saa. Anayepumzika hivyo humaliza kipande akiwa salama, na mara nyingi hachelewi kumzidi anayejisukuma bila kusimama.

*Punguza kazi ya nyumbani, si usingizi.* Loweka maharage usiku, yataiva haraka na kuni zitapungua. Jiko la udongo linalokula kuni chache linaokoa safari za kuni. Majirani watatu wanaweza kupika au kulinda watoto kwa zamu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa masaa 7 hivi. Usingizi ndio wa mwisho kukatwa.

*Gawaneni upya.* Wanaume, maji na kuni havimpunguzii mtu heshima. Mkeo akianguka kwa uchovu, gharama ya hospitali na siku za kazi zilizopotea zitakuwa zako pia.

*Chagua siku moja.* Iwe Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, kwa imani yako au bila imani. Siku moja ya kazi ndogo tu. Kama siku nzima haiwezekani, anza na nusu siku, na uilinde.

Kwa mnaohudumia wengine

Walimu wenye madarasa yaliyofurika, wahudumu wa afya wa vijiji (VHT), viongozi wa RWC, wakalimani na watu wa kujitolea: zile dalili tatu za WHO zinawahusu ninyi hasa. Mnagongewa mlango usiku, mnasikia habari mbaya kila siku, na posho ni ndogo. Mhudumu aliyeanza kusema "hawa watu wanasumbua tu" mara nyingi si mtu mbaya. Amekwisha. Wekeni zamu. Tajeni saa ambazo mlango umefungwa, isipokuwa kwa dharura. Kutaneni ninyi kwa ninyi mara moja kwa mwezi, mzungumze yaliyowalemea. Na kiongozi anayewasimamia asihesabu kimya chenu kuwa nguvu.

Msaada unapatikana wapi?

- *Afya:* Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Arua. Eleza masaa unayofanya kazi na aina ya kazi, usiseme tu "mwili unauma".
- *Malipo, kufukuzwa, kuumia kazini:* Nenda kwa afisa kazi katika ofisi za wilaya. Nenda na daftari lako na jina la shahidi. Afisa akikaa siku 90 bila kutoa uamuzi, sheria inaruhusu kesi kwenda Mahakama ya Kazi.
- *Wakimbizi, kwa malalamiko au kuelekezwa kwa huduma:* Dawati la OPM katika makazi yako, kiongozi wako wa RWC, au laini ya bure ya UNHCR na washirika wake: 0800 323232.
- *Mtoto anayetumikishwa au kuteswa:* Piga Sauti 116, bure.
- *Unyanyasaji kazini, pamoja na kutakwa mapenzi ili upewe kazi:* Toa taarifa polisi, kituo cha afya au kwa laini hizo hapo juu. Si kosa lako, na huhitaji kuwa na pesa ili usikilizwe.

Kama una jirani asiyesoma, msomee makala hii, hasa sehemu ya dalili na ya malipo. Na kama jioni hii umeisoma ukiwa umesimama, mgongo ukiuma na kazi bado haijaisha, keti kwanza, kisha uhesabu punje zako.